Injini Iliyofunguliwa Msibani

Kwetu fundi akishindwa hasemi ameshindwa. Hufuta mikono kwa kitambaa, hutazama juu kidogo, kisha husema, "Hii siyo ya kifundi." Nimeyasikia maneno hayo Kibondo, nimeyasikia Kasulu, nimeyasikia porini mahali ambapo hata mbuzi hawapiti, na kila nikiyasikia nachemka. Maana yake ni kwamba kosa haliko kwenye chuma, liko kwa mtu. Na fundi aliyeyasema hukusanya spana zake akaenda kunywa chai, akawaachia wengine kazi ya kumtafuta huyo mtu.

Mimi ni fundi wa injini. Kazi yangu naifanyia Kibondo, nyuma ya soko, chini ya mabati yanayovuja upande mmoja. Si mtu mpole. Wateja wangu wanalijua hilo na bado wanakuja, kwa hiyo sijaona sababu ya kubadilika. Dereva akiniletea gari simuulizi lina nini, kwa sababu atanidanganya. Hadanganyi kwa ubaya, anaogopa jibu tu. Atasema mlio umeanza jana, kumbe umeanza tangu watu wanapanda maharage. Mimi namuuliza abiria, maana abiria hana cha kuficha. Akiniambia alisikia kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko, nusu ya kazi imekwisha. Hapo ndipo navuta kijiti cha oili, naipaka kwenye vidole, naisugua, nainusa. Oili yenye chembe zinazong'aa ina habari mbaya. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina habari mbaya zaidi.

Na ipo desturi moja niliyofundishwa, siiachi. Kila chuma kilichokufa kinarudi mikononi mwa mwenye gari. Ukitoa beringi mbovu unaiweka juu ya gunia, unamwita mwenyewe, anaishika, anaigeuza, anaona ilipolika. Mafundi wa kwetu wote hufanya hivyo, wazuri kwa wabovu, maana asiyefanya huitwa mwizi. Mimi niliipenda kwa sababu nyingine. Niliamini kwamba mtu akishashika kitu kwa mkono wake hawezi tena kubisha.

Mdogo wangu wa kike aliolewa kijiji kimoja cha juu ya Kabanga, upande wa Kasulu. Mumewe alikuwa dereva wa mchomoko, yaani gari dogo la familia lililogeuzwa la abiria, likipeleka watu Kibondo na kuwarudisha. Tulitaniana sana, mimi na shemeji yangu. Aliniita fundi wa kufoka, akasema injini zangu zinapona kwa woga. Mimi nilimwambia yeye anajua kufungua kila kitu na kufunga vingi kati ya alivyofungua. Alicheka, lakini gari lake hakunipa kulishika hata mara moja. Alijitengenezea mwenyewe, uani kwake, akilala kwenye mkeka wa mke wake chini ya gari.

Simu ilinikuta nami niko chini ya lori. Nilimjua mdogo wangu kwa pumzi kabla hajasema neno.

"Kaka," alisema, "gari imemuua."

Sikuuliza imemuua nani. Nyumba ile ilikuwa na gari moja na dereva mmoja.

Habari kamili niliipata kwa abiria, kama kawaida yangu. Mama mmoja muuza dagaa, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma ya dereva, alinisimulia yote. Walikuwa wamevuka daraja la Malagarasi, wanapandisha kuja Kibondo. Akasikia kama mtu anatwanga kwenye kinu kitupu, polepole, kisha haraka. Dereva akaongeza sauti ya redio. Kikafuata kishindo kimoja, harufu ya kuungua, na gari likasimama katikati ya mlima. Shemeji akavuta breki ya mkono, akawashusha watu wote, akaokota jiwe na kuinama nyuma ya tairi ili aliweke. Breki ya mkono ikaachia.

"Hakupiga kelele," yule mama aliniambia. "Gari ilirudi polepole tu. Ikambana pale kwenye mtaro wa zege. Tulisukuma, kaka, tulisukuma wote."

Fundi wa karibu na pale aliitwa. Sitamtukana hapa, ingawa nimemtukana sana mahali pengine. Alifungua boneti, akavuta kijiti cha oili akakuta oili imejaa. Akafungua rejeta akakuta maji yamejaa. Mafuta yalikuwepo kwenye tangi. Akajaribu kuizungusha injini kwa spana, ikakataa kama iliyoshikwa na zege. Akafuta mikono. "Oili ipo, maji yapo, mafuta yapo," akawaambia watu waliomzunguka. "Hii siyo ya kifundi." Maneno hayo yalifika nyumbani kabla ya maiti.

Nikiwa njiani kwenda msibani, pale mlimani matawi waliyokata kuweka alama ya hatari yalikuwa bado mabichi barabarani. Sikusimama. Nyumbani walikuwa wameshalivuta gari kwa kamba na kuliegesha kando ya turubai la msiba. Mtu alikuwa amelifunika kioo cha mbele kwa kanga, sijui kwa nini. Watu walikaa wakilipa mgongo. Mdogo wangu alikuwa ndani na wanawake, na aliponiona hakulia. Alinishika mkono akautazama, akasema una oili kwenye kucha, kaka, nenda kanawe.

Tulimzika siku iliyofuata, kwa nyimbo za kanisa na mvua nyembamba. Nilipokuwa narudi kutoka makaburini ndipo nilipoanza kusikia habari za bibi mmoja.

Bibi huyo alikuwa jirani wa mdogo wangu kwa upande wa chini, kwenye migomba. Wazazi wake walitoka Burundi wakimbizi. Yeye amezeekea hapa, uraia anao, kanisani ana mahali pake anapokaa na hakuna mwingine anayepakalia, lakini likitokea jambo kijijini watu hukumbuka upesi alikotoka. Alikuwa na macho yanayoota utando. Asubuhi ya ajali shemeji alikuwa amemwahidi kiti, ashuke Kabanga akatibiwe. Bibi akasubiri barabarani na nguo yake nzuri. Gari likaja limejaa, kiti chake kimepewa mtu wa kwenda mbali. Shemeji akamwambia kesho, bibi, kesho. Bibi akalipiga boneti kwa kiganja. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimwona, na hakuna aliyelijali, mpaka habari ya mlimani ilipofika. Kiganja kwenye boneti, na chini ya boneti ndiko injini iliko. Kwa watu wale hesabu ilikuwa imekwisha.

Msibani alileta maharage kwenye sufuria, kama jirani yeyote. Sufuria ilikaa palepale alipoitua. Wanawake walipakua vyakula vingine kushoto na kulia kwake. Jioni aliinama akaibeba, ikiwa imejaa vilevile, akateremka nayo kwake bila kumwaga hata mchuzi.

Kaka wa marehemu, aliyekuwa msemaji wa familia, hakuficha. Alituambia wanaume tukiwa tumekaa kwenye benchi kwamba matanga yakishaanuliwa wataitwa watu wa kutoa uchawi. Wapo, wanajulikana, wanapita kijiji hadi kijiji na ngoma na nyembe zao. Nimewahi kuiona kazi yao upande wa Kibondo. Anayenyooshewa kidole, akibahatika, hufukuzwa na nyumba yake kubomolewa. Asipobahatika huzikwa, na kesho yake hakuna aliyekuwepo. Bibi kizee angeuawa kwa sababu ya mashine ambayo hakuna mtu aliyeifungua. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Wengine walimlilia shemeji yangu kwa machozi, mimi nilimlilia hivyo, kwa hasira, na sioni aibu kusema.

Niliteremka kwake asubuhi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga, nikajitambulisha kuwa ni kaka wa jirani yake, yule fundi wa Kibondo. Akafungua kidogo.

"Bibi," nilimwambia, "wanasema ulisema neno uliposhika gari."

"Oya," akakataa kwa Kirundi, akiniita mwanawe. "Sikusema kitu, mwana wanje. Nilipiga tu. Nilikuwa nimechukia."

"Una haki ya kuchukia. Ulikuwa umeahidiwa."

"Ego, niliahidiwa," akasema. Akaniangalia kwa macho yake yale meupe, nadhani aliona kivuli changu tu. "Wewe wanasema unatengeneza. Kitu gani kilikufa mle ndani?"

"Sijui bado. Nitafungua, nione."

"Fungua basi," akasema, akafunga mlango.

Mwenyekiti wa kijiji alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani naye alikuwa anatafuta pa kutokea. Aliyekuwa mgumu ni mdogo wangu. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, hana anachopika.

"Ya nini sasa?" akaniuliza. "Utamrudisha?"

"Simrudishi. Nataka watu waone kilichotokea, wamwache yule bibi."

"Na mimi je, nataka kuona?"

Nilimwambia kwamba wasipoona watamuua mtu kwa jina la mume wake, na yeye ndiye atakayeishi kando ya ile migomba. Akasema fanya, lakini usifanye kwa kelele zako.

Siku ya kuanua matanga, baada ya sala, nilitandika magunia kando ya gari, watu wakasogea. Walikuwa wengi. Wazee walipewa viti, akina mama walikaa kwenye majamvi, vijana walisimama nyuma wamekunja mikono. Bibi hakuja, nami nilikuwa nimemwomba asije. Kaka wa marehemu alisimama karibu yangu kiasi kwamba kivuli chake kilinizuia mwanga, nikamwomba asogee, akasogea hatua ndogo ya kuonyesha kwamba amesogea.

Nilifanya kazi huku nikisema ninachofanya. Nilionyesha maji ya rejeta, masafi. Hivyo gari halikuchemsha. Nilivuta kijiti, nikaipitisha oili kwa wazee waipake vidoleni. Waliona vumbi la dhahabu kwenye ngozi zao. Nikawaambia hiyo si dhahabu, ni chuma kinachosagana na chuma mwenzake, na chuma husagana hivyo pale oili inapokuwepo bila kufika. Mzee mmoja akauliza, ipo vipi na isifike? Ndilo swali nililolitaka. Nikasema tutaona.

Nikamwaga oili, nikafungua sampu, ile karai ya chini inayoihifadhi. Ndani yake hukaa mrija wenye kichujio cha wavu mdomoni, na kwa mrija huo pampu hunyonya oili kuipeleka juu. Nilikuwa chini ya gari, na nilikiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Wavu wote ulikuwa umezibwa na gundi nyekundu, ile silikoni ya kwenye mrija ambayo watu hupaka mahali pa gasketi. Vipande vyake vilikuwa vimekatika, vikaogelea kwenye oili, vikanyonywa hadi pale, kimoja juu ya kingine. Kwenye kingo za sampu ilikuwa imepakwa nene kama siagi kwenye mkate wa mtoto wa pekee. Gundi ile ikipakwa nyembamba inatosha. Ikipakwa nene, ya nje unaiona na kuifuta, ya ndani inabaki humo kusubiri.

Nililala pale chini kwa muda. Nilijua kazi ile ni ya mikono ya nani. Masika yaliyopita sampu iligonga jiwe, shemeji akaishusha mwenyewe, akaipiga nyundo ikanyooka, akairudisha akiwa amelala kwenye mkeka wa mke wake. Kutoka pale nilipolala niliiona miguu ya mdogo wangu kwenye kandambili, imesimama mbele ya wanawake wengine wote. Ningeweza kusema kichujio kimezibwa na uchafu. Uchafu hauna mwenyewe. Lakini mtu angeuliza uchafu gani, umetoka wapi, umetiwa na nani, na tungerudi kwa bibi.

Nikatoka nacho, nikakiweka juu ya gunia. Nikafungua beringi za konrodi, vile vyuma vyembamba ambavyo vinatakiwa kuelea kwenye oili. Zilikuwa zimeungua nyeusi, mbili zimepandana, zimeshikana kabisa na krenki, ule mhimili unaozunguka katikati ya injini. Nikazipanga. Nikasema yote kwa sauti ya kawaida, kama nilivyoombwa. Gundi iliwekwa nyingi ili isivuje, ikakatika, ikaziba, injini ikakauka huku oili imejaa chini. Nikapitisha kichujio mkono kwa mkono. Watu waliishika gundi ile kwa kucha, wakaivuta, ikavutika.

"Kungekuwa na taa," mwenyekiti akasema. Naye aliwahi kuendesha. "Oili isipopanda kuna taa nyekundu inawaka."

Nikaingia ndani ya gari. Mahali pa taa hiyo palikuwa na stika ya kanisa, imebandikwa juu ya kioo cha dashibodi, ikiifunika taa hiyo peke yake. Niliibandua kwa ukucha. Sikulazimika kueleza.

"Abiria walikuwa wanauliza," mdogo wangu akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikika mbele ya watu tangu mazishi. "Walikuwa wanaiona inawakawaka, wanaogopa, wanashuka. Alisema ni waya tu."

Kichujio kilikuwa kimefika kwa kaka wa marehemu. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama vizuri, si kwa dharau, na nilimwona akielewa. Niliona kabisa. Nikajisemea moyoni tumepona.

"Fundi," akasema, "tunakushukuru. Tumeelewa. Gundi imeziba."

"Ndiyo."

"Ilianza kuziba tangu masika."

"Ndiyo. Kidogo kidogo."

"Na gari ilikuwa inakwenda. Kila siku Kibondo, kila siku inarudi. Milima ile ile."

"Ilikuwa inakwenda ikiwa inakufa."

"Sawa. Basi tuambie." Akakirudisha kichujio juu ya gunia taratibu, kama kitu cha mwenyewe. "Kwa nini imalizike siku ile? Siku zote zipo. Kwa nini siku ile aliyopigiwa boneti, na kwenye mlima, siyo tambarare? Kwa nini breki iachie yeye akiwa ameinama, siyo kabla hajainama? Hiyo nayo ni gundi?"

Nilimjibu. Nilisema kupanda mlima na watu wengi huchosha injini, oili ikipata moto huwa nyepesi, ndiyo maana mambo haya hutokea mlimani. Nilisema breki ya mkono ilikuwa imelegea, ningeweza kuwaonyesha waya wake. Nilisema mengi na yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akauliza tena, taratibu, kwa nini yeye, kwa nini siku ile. Na wazee waliokuwa na vumbi la chuma vidoleni walitikisa vichwa, wakikubaliana nami kuhusu gundi na wakikubaliana naye kuhusu mengine yote. Nilisikia sauti yangu ikipanda. Nilifoka. Niliwaita wajinga mbele ya mjane, kwenye msiba, na hakuna aliyenikasirikia. Walinionea huruma kama mfiwa.

Watu walipotawanyika mdogo wangu alibaki, anatazama vyuma kwenye gunia.

"Kwa hiyo mume wangu amejiua," akasema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Umewashikisha kila mtu mkononi." Hakuwa amepandisha sauti. "Walikuwa wameniachia mume aliyeuawa. Sasa nina mume aliyeuawa na ambaye pia ni mjinga. Ondoa hiyo chuma hapa, kaka. Ondoa yote."

Nilitaka kumshika bega, akaniepuka. Tumeshaongea tangu siku hiyo, tunapigiana simu sikukuu, ananiuliza habari za watoto. Mkono wangu bado anauepuka.

Jioni ileile mwenyekiti alinifuata na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba ingefaa bibi apumzike kwa mtoto wake kidogo. Alisema kidogo. Wote wawili tulijua kwamba watu wa ngoma walikuwa wameshatumiwa ujumbe, na kwamba mtu akiondoka kabla hawajaja ni kama amekiri, na nyumba yake haingoji. Nilimuuliza kwa nini basi tulifungua injini. Akasema tulijaribu, fundi. Alikuwa mtu mzuri na mwoga, na nadhani alimsaidia bibi zaidi kwa woga wake kuliko mimi kwa spana zangu.

Nilikuwa na rafiki mwenye pikapu. Asubuhi tuliinyanyua injini kwa mnyororo, tukaipakia nyuma, tukaifunga kwa kamba. Kisha tukateremka kwenye migomba, tukapakia godoro la bibi, masufuria yake, jembe, na gunia la maharage ambayo hayakuwa yamekauka vizuri. Vyote vilikaa kando ya injini kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Yeye alikaa mbele, kati yangu na rafiki yangu, amevaa ile nguo yake nzuri. Tulikuwa tunampeleka kwa binti yake, Gwarama, mbele ya Kibondo. Hakuna aliyetoka kumuaga. Dirisha moja lilifunguliwa, likafungwa.

Tulipita Kasulu, tukapita Makere. Tulipovuka Malagarasi na kuanza kupanda, rafiki yangu alibadilisha gia, injini ikanguruma, na bibi akageuka kutazama nyuma kupitia kile kioo kidogo. Kwa macho yale sijui aliona nini. Labda weusi wa injini dhidi ya weupe wa godoro.

"Ni hapa?" akauliza.

"Hapana bibi, bado kidogo," nikamwambia, ingawa tulikuwa tunapita mahali penyewe.

Tukamaliza mlima. Kisha akanigusa goti.

"Mwana wanje. Nilikuambia sikusema kitu."

"Ndiyo, uliniambia. Nakuamini."

"Kwa mdomo sikusema. Lakini nilipopiga pale juu, nilisema ndani ya moyo. Nilisema, na kife hiki chuma."

Rafiki yangu alikaza macho barabarani.

"Kila mtu husema hivyo bibi," nikamwambia. "Mimi huyaambia magari maneno mabaya kila siku. Hayafi. Mengine ningependa yafe."

Hakucheka. Alikuwa bado ameshika goti langu, mkono mwepesi, mkavu.

"Wewe uliifungua yote."

"Yote, bibi. Mpaka chini."

"Hukuona kitu changu mle ndani?"

"Hapana."

"Uliangalia vizuri?"

"Niliangalia vizuri sana. Hakuna kitu chako mle. Ni gundi tu."

Alifikiri. Aligeuka tena kutazama kioo cha nyuma, kisha akaweka mikono yake mapajani.

"Labda ni kadogo," akasema. "Labda hukukaona."